Kutunza mifupa ukishavuka 40: anza hapa, hatua kwa hatua

Nimeamua kuandika hii yote sehemu moja maana maswali ni yaleyale kila wiki. Dada nina 47 hedhi imeanza kurukaruka, nianze vidonge vya kalsiamu? Mama anaumwa magoti, ndo mifupa imeisha? Supu ya makongoro inasaidia? Bibi yetu kapinda mgongo, si ni uzee tu? Nafanya kazi ya fiziotherapia, kila siku nashika miguu na mikono ya watu waliovunjika, na wengi wao walivunjika kwa kitu kidogo sana ambacho kingezuilika.

Na yamenikuta nyumbani pia. Mama yangu alivunjika nyonga akiwa na miaka 71. Hakudondoka kwenye mti wala hakugongwa na bodaboda. Alitoka chooni saa tisa usiku, umeme umekatika, ndala zimelowa, akateleza kwenye saruji ya korido, basi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mfupa ulishatupa ishara miaka miwili nyuma tukaipita. Gauni lake la Idi lilikuwa linamfika juu kidogo ya vifundo vya miguu, siku moja analivaa tukaona pindo linaburura chini. Tukasema limelegea kwa kufuliwa, akapelekewa fundi alipunguze. Gauni halikuwa na shida. Mama ndo alikuwa amefupika, na tulipokuja kupiga eksirei ya mgongo tukaona pingili mbili zimebonyea kama boksi lililokaliwa.

Nadharia nitaweka kidogo tu. Mfupa ni kitu hai, mwili unaubomoa na kuujenga kila siku. Mpaka kwenye miaka 30 hivi unajenga kuliko unavyobomoa, baada ya hapo taratibu hesabu inageuka. Kwa mwanamke hedhi ikikoma homoni ya estrojeni inashuka na ubomoaji unakwenda kasi, ndani ya miaka 5 hadi 7 ya mwanzo anaweza kupoteza mpaka asilimia 20 ya uzito wa mfupa wake. Wanaume nao wanapoteza ila polepole, kwa hiyo baba usiache kusoma. Mfupa ukishakonda sana ndo unaitwa osteoporosisi, na sehemu zinazovunjika sana ni tatu: kifundo cha mkono, pingili za mgongo na nyonga.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaendelea. Osteoporosisi haiumi. Magoti kuuma, vidole kukakamaa asubuhi, hayo mara nyingi ni mambo ya viungo, yale tunayoyaita baridi yabisi, ni ugonjwa mwingine. Mfupa unakonda kimyakimya mpaka siku unavunjika. Ukisubiri maumivu ndo uanze kujitunza, umechelewa.

Vitu vya kuandaa

Hakuna cha gharama kubwa hapa.

- Ukuta ulionyooka, penseli, na tepu ya fundi cherehani
- Kiti kigumu cha mbao au chuma kisicho na magurudumu. Kile cha plastiki chepesi hapana, kinateleza na kinapinda miguu
- Chupa mbili za maji za lita moja na nusu
- Viatu vya kufunga, vyenye soli yenye meno. Raba za mtumba zinatosha kabisa
- Tochi au taa ndogo ya sola
- Daftari
- Mfuko wenye dawa zako ZOTE unazotumia, na za asili pia

Vimekamilika? Twende.

1. Jua wewe uko kundi gani

Kaa chini na daftari ujibu kwa ukweli. Hedhi ilikoma kabla ya miaka 45, au ulitolewa vifuko vya mayai ya uzazi? Mama au baba yako aliwahi kuvunjika nyonga? Wewe mwenyewe ukishavuka 50 uliwahi kuvunjika kwa kuanguka kawaida tu ukiwa umesimama? Unavuta sigara, unakunywa pombe nyingi? Ni mwembamba sana? Una tatizo la tezi la shingo kufanya kazi kupita kiasi, au baridi yabisi ile ya kinga za mwili?

Halafu fungua ule mfuko wa dawa. Prednisoloni ukiitumia miezi mitatu na zaidi inakula mfupa, na hapa kwetu watu wa pumu na wa maumivu ya viungo wanainunua dukani kama pipi bila cheti. Baadhi ya dawa za kifafa nazo, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ukiwa nayo muda mrefu, na ARV zenye tenofoviri zinaweza kupunguza mfupa kiasi.

ONYO: sijasema uache dawa. Prednisoloni ukiikata ghafla baada ya muda mrefu unaweza kuzidiwa vibaya, na ARV haziachwi. Nimekuandikia ili ukienda kliniki umuulize daktari, "hii dawa natumia mwaka wa ngapi sijui, mifupa yangu inaangaliwa?" Swali hilo tu.

Ukiwa na mawili matatu kati ya hayo, hatua ya 8 usiiruke.

2. Jipime nyumbani

Vua viatu, simama mgongo na visigino vikigusa ukuta, mwingine aweke kitabu bapa juu ya kichwa na apige alama ya penseli ukutani. Pima kwa tepu, andika tarehe. Rudia kila baada ya miezi sita, ukutani palepale. Ukiona umepungua sentimita 4 au zaidi ukilinganisha na urefu wako wa ujanani, au sentimita 2 tangu ulipoanza kujipima, nenda kapige eksirei ya mgongo hata kama huumwi popote. Hujui ulikuwa na urefu gani ujanani? Angalia pasi ya zamani, au kadi ya kliniki ya uzazi, wengi walipimwa urefu pale. Au angalia magauni.

Sasa kiti. Kiegemeze ukutani kisisogee, kaa katikati, kunja mikono kifuani, mtu ashike saa ya simu. Simama wima kabisa, kaa, simama, kaa, kwa sekunde 30, hesabu mara ulizosimama. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akiwa chini ya 12, mwanaume wa umri huohuo chini ya 14, miguu imeshaanza kuwa dhaifu na hatari ya kuanguka ipo juu. Kama huwezi hata moja bila kujisukuma kwa mikono andika sifuri, usijisikie vibaya, nina watu walianza sifuri na baada ya miezi mitatu wanafika nane.

3. Panga sahani

Mtu mzima anahitaji kalsiamu kama miligramu 1000 kwa siku, mwanamke akivuka 50 inakuwa 1200, na mwanaume akivuka 70 vilevile. Namba inatisha ila sokoni kwetu ipo.

Maziwa kikombe kimoja yana kama 300. Tumbo likikataa maziwa fresh, na wengi wetu ukubwani linakataa, kunywa mtindi, mgando unavumilika vizuri zaidi. Anayeharisha kwa maziwa fresh asiseme "mimi maziwa basi" kabla hajajaribu mgando kidogo kidogo.

Dagaa. Jamani dagaa. Dagaa mkavu unamla mzima na mifupa yake, kwa hiyo gramu kwa gramu ana kalsiamu kuliko maziwa kwa mbali. Konzi moja ya dagaa inakaribia kikombe cha maziwa. Vichwa toa ukitaka, uti wa mgongo wake usiutoe, ndo wenyewe huo. Kwa mzee asiye na meno wakaange wakauke wasage uwe unga, kijiko kwenye mboga au kwenye uji wa chumvi. Waoshe vizuri, mchanga mwingi, na kama wana chumvi waloweke kwanza, maana chumvi nyingi inafanya mwili utoe kalsiamu kwenye mkojo.

Mboga za majani hapa watu wanakosea. Mchicha una kalsiamu ila una kitu kinachoishikilia isifyonzwe, kwa hiyo unaingia na kutoka nayo. Kula mchicha, una faida nyingine kibao, ila usiuhesabu kwenye mifupa. Hesabu sukuma wiki, chainizi na figiri, hizo kalsiamu yake inafyonzwa vizuri. Ufuta nao, sio zile kashata za sukari tupu, twanga weka kwenye mboga kama unavyoweka karanga. Na uji wa ulezi, nafaka hii imezidi mahindi na mchele kwa kalsiamu mbali sana, ukiulowesha au kuuchachusha kidogo kabla ya kupika ndo inafyonzwa zaidi.

Siku moja inaweza kwenda hivi: asubuhi uji wa ulezi bakuli na maziwa kikombe ndani yake, mchana ugali chainizi na dagaa, jioni mgando kikombe. Umefika au umekaribia sana.

Kitu ambacho hakizungumzwi ni protini. Mfupa sio chokaa tupu, una protini yake ndani, na misuli ndo inakushika usianguke. Wazee wetu wengi asubuhi chai na mkate, mchana kidogo, usiku chai tena "sina hamu". Mzee anahitaji kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo wa kilo 60 ni gramu 60 na kitu. Yai moja ni 6, maharage yaliyoiva kikombe ni kama 15. Hesabu uone chai na mkate vinamfikisha wapi. Mwongeze yai asubuhi, maharage au choroko mchana, samaki au dagaa jioni. (Mwenye ugonjwa wa figo huyu aongee na daktari kwanza, protini yake na kalsiamu vinapangwa tofauti.)

Na supu ya makongoro: tamu, kunywa, ila kalsiamu inayotoka kwenye mfupa kuingia kwenye mchuzi ni kidogo sana. Haichukui nafasi ya mgando.

4. Jua

Vitamini D ndo inayofungua mlango kalsiamu iingie mwilini, na ngozi inaitengeneza ikipigwa na jua. Watu wanasema sisi Afrika jua tele hatuwezi kukosa. Tunaweza. Ngozi nyeusi inahitaji muda zaidi kuliko nyeupe, mtu wa ofisini anaingia giza anatoka giza, jua la dirishani halihesabiki maana kioo kinazuia ile miale yenyewe, na mzee anayelindwa ndani "asipigwe na jua" ngozi yake pia imepunguza uwezo. Ndugu zetu Muscat na Dubai jua linachoma lakini kutwa wako ndani ya kiyoyozi, na huko upungufu wa vitamini D ni jambo la kawaida kabisa. Walioko Ulaya na Kanada hasa miezi ya baridi jua lenyewe halitoshi, nyie muulizieni daktari wa huko habari ya vidonge.

Mikono na miguu wazi dakika 15 hadi 30 siku nyingi za wiki. Mama zangu mnaovaa buibui, uani panatosha, anika nguo au chagua mchele ukiwa umekunja mikono ya gauni. Ngozi isifike kuungua. Mwenye ualbino hatua hii haimhusu, yeye ajikinge na jua na vitamini D aipate kwa ushauri wa kliniki.

5. Mazoezi, hapa ndo kazi yenyewe

Mfupa unakuwa imara ukibebeshwa mzigo. Kwa hiyo kuogelea na baiskeli ni vizuri kwa moyo ila kwa mfupa havitoshi, unatakiwa kusimama kwa miguu yako.

a) Kutembea kwa kasi ya mtu anayewahi daladala, dakika 30, siku tano kwa wiki. Gawanya kumi kumi ukishindwa. Mlima mdogo ukiwepo karibu, bora zaidi.

b) Kiti kilekile cha kujipimia. Simama kaa mara 10, pumzika, tena 10. Ukishuka shuka polepole kwa kuhesabu mpaka tatu, usijibwage. Hii ndo nampa kila mgonjwa wangu, ukinilazimisha nichague zoezi moja tu basi ni hili.

c) Shika mgongo wa kiti au ukingo wa sinki, panda kwa vidole vya miguu, shuka. Mara 10 hadi 15, mara mbili.

d) Chupa za maji. Kaa wima, chupa kila mkono, pandisha mpaka mabegani, halafu juu ya kichwa. Ukiona lita moja na nusu nzito jaza nusu. Ikiwa nyepesi weka mchanga badala ya maji. Siku mbili au tatu kwa wiki, sio kila siku, misuli inahitaji kupumzika.

e) Balansi. Simama karibu na meza, mguu mmoja mbele ya mwingine kisigino kikigusa vidole, sekunde 20. Ukiweza, simama mguu mmoja sekunde 10 halafu badilisha. Fanya wakati unasubiri chai ichemke, kila siku. Aliyevuka 65 balansi asiikose angalau siku tatu kwa wiki.

ONYO kubwa: kama umeshafupika, mgongo umeanza kupinda, au umeshaambiwa una osteoporosisi, USIFANYE yale mazoezi ya kulala chali na kuinuka tumbo, wala kuinama kugusa vidole vya miguu, wala kujipinda kiuno kwa nguvu. Pingili dhaifu zinabonyea ukiinamia mbele. Na hapa niseme kuhusu fagio la chelewa. Mama wa miaka 65 kuinama nusu saa kila asubuhi anafagia uwanja, mgongo umekunjika kama ndoano, hilo ndo zoezi baya kuliko yote. Fungeni lile fagio kwenye mti mrefu wa mopu, shilingi sifuri, afagie amesimama. Wengine wanaona kama uvivu, hapana, ni mgongo wa mama huo.

Ndoo ya lita 20 pia. Ni kilo 20 juu ya shingo na mgongo. Kwa kijana haina neno, kwa mwenye mifupa myembamba gawanya kwenye madumu mawili madogo, moja kila mkono, au mtoto abebe. Kuinua chochote chini: piga magoti au chuchumaa, sogeza mzigo karibu na tumbo, nyanyuka kwa miguu.

6. Zungukia nyumba, chumba kwa chumba

Nyonga karibu zote nilizowahi kuziona zilivunjika kwa mtu kuanguka. Mfupa dhaifu ambao haujaanguka mara nyingi unaendelea na maisha. Kwa hiyo hata kama mfupa umeshakonda, bado unaweza kuzuia kuanguka, na hili unaanza leoleo.

Fanya hivi: ingia nyumbani kwako saa mbili usiku, zima taa zote, halafu tembea kutoka kitandani mpaka chooni kwa mwendo wa mzee. Kila unapojikwaa au kupapasa, andika.

- Njia ya chooni iwe wazi. Ndoo, sufuria, madumu, viatu vya watoto, waya wa chaja, vyote vitoke.
- Tochi iwe chini ya mto au imefungwa kamba kwenye kitanda, sio "ipo kabatini". Taa ndogo ya sola ya kuwaka yenyewe gizani ni nzuri zaidi.
- Zulia dogo linaloteleza toa kabisa. Mkeka uliokunjika pembe vilevile.
- Bafu na choo: marumaru laini zikichanganyika na sabuni ni barafu. Weka mpira wenye matundu chini. Halafu ita fundi wa kuchomelea akutengenezee bomba la chuma la kushikilia, lifungwe ukutani kwa bolti zinazoingia kwenye tofali, moja pembeni ya choo moja pa kuogea. Usitegemee kushika bomba la maji, sinki au taulo, vyote vinang'oka na mtu.
- Choo cha kuchuchumaa kwa mzee wa magoti mabovu: kuna viti vya kuweka juu, fundi seremala anatengeneza, kiti cha mbao kilichotobolewa katikati.
- Ngazi ya mlangoni ipakwe rangi nyeupe ukingoni.
- Ndala zilizolika soli zitupwe. Najua zinauma kutupa. Zitupe.
- Kanga au kitenge kisiburure chini, na usiku mzee asijifunge shuka la kujikwaa.

Mwili wenyewe nao: macho yapimwe, mtoto wa jicho anaangusha watu wengi sana. Dawa za presha na za usingizi zinaleta kizunguzungu, kwa hiyo akiamka usiku akae ukingoni mwa kitanda kwanza, achezeshe miguu, ahesabu mpaka 30, ndo asimame. Akikojoa mara nyingi usiku apunguze chai ya jioni, na awe na ndoo chumbani. Mama alikataa ndoo chumbani miaka yote, anasema ni aibu. Siku hizi ipo, na kifuniko chake, na hakuna aliyemcheka.

7. Vidonge vya kalsiamu

Chakula kwanza. Kidonge ni cha kuziba pengo. Ukihesabu siku yako ukaona unapata 700 basi unahitaji 500 tu, sio 1500. Meza kisichozidi miligramu 500 kwa mara moja, zaidi ya hapo mwili hauvuti. Ile ya kaboneti meza na chakula. Mwenye dawa ya tezi, aachanishe na kalsiamu masaa manne, na vidonge vya damu vya madini ya chuma navyo visimezwe pamoja nayo.

Kuna zile poda za paketi zinauzwa mtaani na semina, bei laki na kitu, wanakwambia zinarudisha mfupa wa ujana. Ndani ni kalsiamu ileile ya dagaa. Laki moja inanunua dagaa na mgando wa miezi. Kuzidisha vidonge kunaleta kukosa choo na mawe kwenye figo, na vitamini D usivuke yuniti 4000 kwa siku bila daktari kukuandikia.

8. Kipimo, na dawa ikibidi

Kipimo chenyewe kinaitwa DEXA, unalala kwenye kitanda dakika chache, hakiumi, mionzi yake ni kidogo. Mashine hizi ni chache, ziko kwenye miji mikubwa, kwa hiyo piga simu kwanza kabla hujapanda basi. Vile vipimo vya kushika kifaa mkononi kwenye banda la maonyesho halafu kompyuta inasema "mifupa yako asilimia 40", hela yako iache mfukoni.

Majibu yanakuja na namba inaitwa T. Kuanzia -1 kwenda juu ni kawaida. Kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua. -2.5 kwenda chini ni osteoporosisi. Mwanamke wa 65 na zaidi, au mdogo zaidi mwenye yale mambo ya hatua ya 1, ndo wa kupima. Na aliyeshavunjika nyonga au pingili kwa kuanguka kidogo, matibabu yake yasikwamishwe na kukosa mashine, huko kuvunjika kwenyewe ni jibu, mwambie daktari hivyo.

Dawa inayoandikwa sana ni alendroneti, kidonge kimoja cha miligramu 70 kwa WIKI. Wengi wanaimeza vibaya. Ni asubuhi tumbo tupu, glasi nzima ya maji matupu, sio chai, sio maziwa, sio soda, halafu nusu saa bila kula na bila kulala, ukae wima au utembee, maana ikikwama kooni inachoma. Chagua siku moja, mfano Ijumaa, andika ukutani. Jino bovu ling'olewe kabla ya kuanza dawa hizi. Na ile sindano ya mifupa ya kila miezi sita (denosumabu) usiiruke wala kuiacha kienyeji, ukiiacha bila kubadilishiwa dawa nyingine pingili zinaweza kuvunjika kwa mfululizo.

Ukikwama

*Nimeanza mazoezi magoti yanauma zaidi.* Pandisha kiti, weka mto mgumu juu yake, au tofali chini ya kila mguu wa kiti, zikae imara. Uchungu wa misuli siku mbili ni kawaida. Goti likivimba, punguza nusu, usiache yote.

*Mzee hataki kula.* Angalia meno kwanza. Kisha mpe kidogo mara nyingi, yai kwenye uji, dagaa wa unga, mgando wenye ndizi. Akiwa amekonda ghafla mpeleke hospitali, hilo sio suala la mifupa tu.

*Anaogopa kutembea tangu alipoanguka.* Hii ni kubwa, hofu inamkalisha, kukaa kunaua misuli, misuli ikiisha anaanguka tena. Mshike mkono uende naye mpaka mlangoni, kesho mpaka getini. Fimbo ishikwe mkono wa upande wenye mguu mzima, urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono akiwa amesimama ameachia mikono.

*Mgongo umeuma ghafla baada ya kuinua kitu, hauachi.* Kwa mtu wa 55 kwenda juu usisugue dawa ya kuchua wiki tatu. Eksirei. Na usimpeleke kwa mtu wa kunyoosha mgongo, mfupa uliobonyea haukandwi.

*Nina 25, kinanihusu?* Sana, wewe ndo bado unajenga. Ruka kamba, cheza mpira, kula, acha kujinyima chakula mpaka hedhi inapotea, hedhi ikipotea kwa kukonda mfupa unapotea nayo.

*Ameanguka na hawezi kusimama.* Ukiona mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje, hiyo ni nyonga. Usimnyanyue kwa kumvuta mikono, usimkande, usimpe chakula maana anaweza kuhitaji kufanyiwa upasuaji. Mlaze kwenye mlango wa mbao au godoro gumu, weka mito pande zote za mguu, nendeni hospitali yenye daktari wa mifupa. Mgonjwa akiwahi kufanyiwa upasuaji ndani ya siku mbili ana nafuu kubwa. Mama alikaa siku tisa wodini anasubiri chuma na damu, akapata kidonda cha mgongo ambacho kilichukua muda kupona kuliko nyonga yenyewe. Kwa hiyo ndugu wajipange mapema nani anatoa damu, bima iko wapi, na mgonjwa ageuzwe kila masaa mawili kuanzia siku ya kwanza, msisubiri nesi awaambie. Akishafanyiwa, ulizeni siku hiyohiyo lini anasimamishwa. Mara nyingi ni kesho yake.